Usimamizi wa maji ya kunywa na taka hatarishi, Njombe na Makambako

Usimamizi wa maji ya kunywa na taka hatarishi katika miji ya Njombe na Makambako, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, umegawanywa kati ya Wizara ya Maji, EWURA (mdhibiti wa huduma za nishati na maji), TBS (shirika la viwango), NEMC (baraza la mazingira), Mkemia Mkuu wa Serikali na halmashauri mbili za miji. Upande wa maji una sheria zilizokomaa, viwango vinavyopimika na taarifa za kila mwezi. Upande wa taka hatarishi una kanuni nzuri lakini taarifa zake ni chache, na jambo hili ni zito kwa mkoa ambao vijito vinavyonywesha watu vinapita kwanza mashambani.

Mahali

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Makambako iko takriban kilomita 60 kaskazini, kwenye njiapanda ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Tunduma na ile iendayo Songea, na ina stesheni ya reli ya TAZARA. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 889,946. Mto Ruhuji, ambao maporomoko yake yako mjini Njombe kabisa, humwaga maji Kilombero na hatimaye Rufiji. Upande wa kaskazini wa Makambako maji hushuka kuelekea Usangu na Ruaha Mkuu. Kwa hiyo miji yote miwili iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao Iringa, wakati sehemu ya maji ya wilaya ya Ludewa huelekea Ziwa Nyasa kwa Mto Ruhuhu.

Historia

Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400. Njombe, wakati huo wilaya ya Mkoa wa Iringa, ilinufaika kuliko sehemu nyingi kwa sababu ya milima yake: maji yalitekwa juu kwenye banio na kuteremka yenyewe hadi vijijini. Mradi wa mserereko wa Wanging'ombe, uliojengwa kwa msaada wa UNICEF, ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hadi leo unahesabiwa kati ya miradi ya kitaifa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Denmark, kupitia Danida, iligharamia mpango kabambe wa maji wa mikoa ya Iringa, Ruvuma na Mbeya, uliokamilika 1982, kisha ikajenga miradi mingi ya vijiji.

Miradi hiyo ilihesabiwa kwa vituo vya kuchotea na urefu wa bomba. Usalama wa maji ulichukuliwa kuwa umo ndani yake: maji ya mlimani ni safi, basi. Imani hiyo ilikuwa na msingi wakati mabonde ya juu yalikuwa hayajalimwa. Sheria ya maji Na. 42 ya 1974, baada ya marekebisho ya 1981, iliweka viwango vya majitaka yanayoruhusiwa kuingia mitoni, lakini utekelezaji wake ulielekea zaidi kwenye miji yenye viwanda vikubwa.

Sera ya Maji ya 2002 ilitenganisha anayetoa huduma na anayemsimamia. Mwaka 2009 zikaja sheria mbili, Na. 11 ya rasilimali za maji na Na. 12 ya huduma ya maji. Hii ya pili ilifutwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji, kwa ajili ya vijiji.

Upimaji wa maji

Mjini, mwenye wajibu wa kwanza ni mamlaka ya maji yenyewe. Kwa Njombe, mamlaka hiyo ni NJUWASA. Mamlaka hutibu maji, huyapima na kupeleka takwimu EWURA kila mwezi kupitia mfumo wa MajIs. EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya 2001 na kuanza kazi 2006, huzichapisha kwa pamoja katika ripoti ya mwaka inayopanga mamlaka zote za nchi kwa ufanisi. Ripoti hiyo ni miongoni mwa kazi bora za udhibiti nchini, na inastahili kusomwa na watu wengi kuliko wanaoisoma sasa.

Kipimo kinachofanywa mara nyingi zaidi ni cha klorini iliyobaki bombani. Mpimaji hufungua koki, huyaacha maji yatiririke dakika mbili tatu ili yaliyolala kwenye bomba yatoke, kisha hujaza kichupa cha mililita 10 na kutumbukiza kidonge cha kemikali iitwayo DPD. Maji yakigeuka rangi ya waridi, klorini ipo, na ukolevu wa rangi hulinganishwa na kisahani chenye madoa ya rangi kusoma kiasi chake. Yakibaki meupe, dawa imeisha njiani au haikutiwa kabisa. Kinachotafutwa kwa mteja wa mwisho ni kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Kidonge kimoja, dakika moja, na mtu amejua kama familia iliyo mwisho wa laini inalindwa au la. Hakuna kipimo chenye faida kubwa kwa gharama ndogo hivyo.

Vimelea hupimwa kwa njia nyingine. Mdomo wa koki huunguzwa kwa moto, sampuli huwekwa kwenye chupa iliyotakaswa na kusafirishwa kwenye barafu, kwa sababu bakteria wakikaa kwenye joto huongezeka au hufa na majibu hupotosha. Kiwango cha taifa, TZS 789, hakiruhusu E. koli hata mmoja katika mililita 100. Vipimo vya kina hupelekwa maabara ya ubora wa maji ya Wizara, na ile ya Iringa, kwa njia ya barabara kuu, iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Njombe mjini. Umbali huo ndio kikwazo kikubwa kwa vijiji, ambako vyombo vya watumia maji vilivyosajiliwa na RUWASA hutegemea ratiba ya wilaya.

Viwango vyenyewe vimebana kadiri miaka ilivyokwenda. Mfano unaojulikana ni wa floraidi: viwango vya muda vya 1974 viliruhusu miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, baadaye ikawa 4, na sasa ni 1.5 kama inavyoshauri WHO. Tatizo la floraidi ni kubwa zaidi Arusha, Manyara na kanda ya kati.

Maji ya chupa yalikuwa chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, hadi 2019, yalipohamishiwa TBS.

Vyanzo na mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Njombe, kanuni hii inagongana na vinyungu, bustani za mabondeni ambazo kwa vizazi vingi zimelisha kaya wakati wa kiangazi. Mwenye kinyungu haoni kwamba anaharibu chanzo. Analima palepale alipolima babu yake. Mgogoro wa pili ni milingoti, yaani mikaratusi. Miti hii hukua haraka na kuleta fedha, lakini ikipandwa kwenye chemchemi huzikausha, na viongozi wa mkoa wamekuwa wakihimiza ing'olewe na kupandwa miti rafiki wa maji.

Viazi mviringo vimeongeza mzigo. Zao hili hushambuliwa sana na ukungu wakati wa mvua, hivyo hupuliziwa mara kwa mara dawa zenye mankozebu na nyinginezo. Maji ya kuchanganyia hutekwa kijitoni, na vifungashio vitupu mara nyingi huachwa hapo hapo. Utaratibu unataka chupa isuuzwe mara tatu, maji ya suuzo yarudishwe kwenye bomba la kupulizia, kisha itobolewe isije ikatumika kuwekea mafuta ya kula. Kudhibiti viuatilifu ni kazi ya mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya 2020 na kuwekwa Arusha. Vipimo vya kila siku vya maji, yaani tope, pH na klorini, haviwezi kuonyesha kiuatilifu hata kama kipo.

Taka hatarishi

Msingi ni sheria hiyohiyo ya 2004 na Kanuni za Taka Hatarishi za 2019, zilizochukua nafasi ya zile za 2009. Anayezalisha taka hizi anatakiwa kuzitenga, kuziwekea lebo na kutunza kumbukumbu. Anayezikusanya, kuzisafirisha au kuziteketeza anatakiwa kuwa na kibali, na kila mzigo uende na hati inayoonyesha ulikotoka na ulikopokelewa. NEMC husimamia kupitia ofisi yake ya kanda iliyoko Mbeya. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Basel tangu 1993.

Kwa miji hii miwili vyanzo vikubwa ni vinne. Cha kwanza, kwa Makambako, ni oili chafu na betri za magari kutoka gereji za kando ya barabara kuu. Cha pili, kwa Njombe, ni viwanda vya mbao na nguzo za umeme, ambako mti hushindiliwa dawa kama kreosoti au mchanganyiko wa shaba, kromiamu na arseniki. Kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa 1949 kwa ajili ya miti ya miwati, ndiyo kongwe kati ya viwanda hivyo. Cha tatu ni vifungashio vya viuatilifu. Cha nne ni taka za hospitali.

Hati ya mzigo hufanya kazi vizuri pale penye mzalishaji mmoja mkubwa. Fundi gereji mwenye pipa moja la oili hana hati wala mkusanyaji mwenye kibali anayempitia, na oili hiyo huuzwa kwa wapaka mbao dhidi ya mchwa au humwagwa chini. Hapa ndipo pengo halisi la udhibiti lilipo, na linahitaji kituo cha kukusanyia kabla ya faini.

Taka za hospitali

Mkoa wa Njombe una kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa mingine yote: asilimia 11.4 ya watu wazima katika utafiti wa 2016–17 na 12.7 katika ule wa 2022–23. Upimaji na matibabu huzalisha sindano na mirija mingi. Vyenye ncha kali huwekwa kwenye boksi la usalama na kuchomwa kwenye tanuri.

Kemikali za safarini

Malori yaendayo Zambia na Kongo hupita Makambako yakiwa na salfa na kemikali za migodi. Vibali hutolewa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya 2003.

Taarifa kwa wananchi

Sheria ya mazingira inampa kila mtu haki ya kupata taarifa za mazingira, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaikazia. Hata hivyo taarifa hupanda zaidi kuliko zinavyoshuka: mamlaka kwenda EWURA, RUWASA kwenda Wizarani, kiwanda kwenda NEMC. Majibu ya sampuli iliyochukuliwa kwenye bomba la mtaa yanapaswa kubandikwa kwenye ofisi ya mtaa huo.

Hali ya sasa

Njombe, Makambako na Wanging'ombe zimo katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa India wa dola milioni 500, ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022. Mradi unahusu vyanzo, mitambo ya kutibu maji, matangi na mabomba.