Haki ya msomaji katika riwaya ya upelelezi

DALILI ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Hata hivyo, si kila wingu huleta mvua, na hapo ndipo mwandishi wa riwaya ya upelelezi anapomkamata msomaji. Kwa miaka kadhaa nimesoma riwaya hizi pamoja na vikundi vya wasomaji, wengi wao walimu waliostaafu na wanafunzi wa chuo. Swali linalozua ubishi mkali si nani aliyeua, bali je, mwandishi ametutendea haki?

Swali hilo lina historia yake. Edgar Allan Poe wa Marekani, ambaye wengi humtaja kuwa mwasisi wa utanzu huu, alichapisha hadithi yake ya kwanza ya upelelezi 1841. Mwaka 1887, Arthur Conan Doyle akamleta Sherlock Holmes. Tatizo ni kwamba mara nyingi Holmes huona jambo ambalo msomaji hajaonyeshwa. Tunaweza kumstaajabia, lakini kushindana naye, wapi!

Mwaka 1926 Agatha Christie alichapisha The Murder of Roger Ackroyd. Muuaji simtaji, maana kuna ambao bado hawajaionja raha hiyo. Itoshe kusema kwamba baadhi ya wasomaji walilalamika kuwa wamechezwa shere, naye Dorothy L. Sayers akamtetea mwenzake kwa hoja kwamba ni kazi ya msomaji kumshuku kila mtu. Mwaka 1929, kasisi Mkatoliki Ronald Knox, mwandishi wa riwaya hizohizo, alitoa amri 10 za upelelezi. Mojawapo inamtaka mpelelezi amwonyeshe msomaji kila dalili anayoigundua. Nyingine inapiga marufuku nguvu za mizimu na miujiza. Mwaka uliofuata, kikundi cha Detection Club kiliundwa London, na wanachama wake wakawa wanaapa kutomficha msomaji dalili muhimu.

Sasa tuje kwetu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko kama Holmes, na rafiki yake Najum yupo kandoni kama Watson. Tazama ujanja wa anwani: jina lenyewe linakushawishi uwanyoshee kidole mizimu, ilhali Bwana Msa anautafuta mkono wa binadamu. Amri ya Knox kuhusu mizimu imetimizwa papo hapo penye mzimu!

"Lakini Prof, huyu Bwana Msa anatuficha mambo hadi mwisho," alilalamika mwalimu mmoja kikundini. Lalamiko lake lina uzito, ila tutenganishe mambo mawili. Mpelelezi ana ruhusa ya kuficha hitimisho lake. Mwandishi hana ruhusa ya kuficha dalili. Ukirudi nyuma ukaikuta dalili imekaa pale pale ulipoipita, umeshindwa kihalali. Usipoikuta, umeibiwa.

Ndiyo maana vikundini tunafunga kitabu kabla ya sura ya mwisho. Kila mtu anaandika jina la mshukiwa, dalili mbili pamoja na kurasa zake, na sababu ya kuua. Wengi hukimbilia sababu kwanza: fulani angerithi shamba, basi ndiye! Nami huuliza, warithi wako wangapi? Sababu inatuonyesha nani angeweza kutamani kifo hicho. Haituonyeshi nani aliyeshika kisu.

Zoezi hili si la burudani pekee. Kilifi na Kisii, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingine nyuma ya tuhuma hizo kumekuwa na mzozo wa ardhi. Waliowaua hawakutaka dalili, uvumi uliwatosha. Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali tamu, lakini Bwana Msa hangemkamata mtu kwa methali. Mwanafunzi aliyezoea kuulizwa "uliona ukurasa gani?" huenda siku moja, kijijini kwao, akasimama mbele ya umati na kuuliza swali hilohilo.