Msikilizaji Anapojibu: Mahubiri katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Katika makanisa ya Kianglikana ya Uganda na Rwanda ya miaka ya 1920, mahubiri yalisikilizwa kwa adabu ya darasani, kwa kuwa ubatizo uliambatana na kujifunza kusoma, na muumini alipokea fundisho kutoka mimbarini kisha akarudi nyumbani bila kutakiwa kusema lolote. Desturi hiyo ilitikiswa na Uamsho, yaani vuguvugu la toba lililochipuka kwenye hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, baada ya daktari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi kukutana Kampala mwaka 1929 na kujifunza Biblia pamoja.

Wahubiri wa Uamsho wamesifiwa sana, ilhali badiliko kubwa zaidi lilikuwa upande wa waliowasikiliza. Kwa walokole, kama walivyoitwa waliookoka kwa jina lenye asili ya Kiganda, hubiri lilidai jibu, na jibu lenyewe lilikuwa ushuhuda: maungamo ya hadharani yaliyotaja dhambi waziwazi, pengine yakifuatwa na kurudisha mali iliyoibwa. Waliohudhuria waliupokea ushuhuda kwa kuimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda uliovuka mipaka hadi Kenya na Tanganyika, ukaimbwa hata na wasioijua lugha hiyo. Aidha, sharti la kutembea nuruni, maana yake kutowaficha ndugu jambo lolote, lilimbana mhubiri naye, hata mchungaji au mmisionari wa Kizungu akaweza kuulizwa na mkulima kama kweli ameokoka; katika zama za ukoloni, swali hilo halikuwa dogo.

Si ajabu kwamba wakubwa wa kanisa waliingiwa na hofu. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi walokole 26, akiwamo William Nagenda, baadaye mhubiri mashuhuri wa Uamsho, baada ya mvutano juu ya mikutano yao ya alfajiri. Hata hivyo walokole wengi hawakujitenga: Jumapili walikaa kanisani pamoja na wengine, na siku nyingine wakakutana katika ushirika, kikundi kidogo ambamo Neno lilipimwa kwa maisha ya kila mmoja.

Malezi hayo yaliwaandaa pia wakalimani. Mhubiri Mmarekani Billy Graham alipohubiri Moshi, Tanganyika, mwaka 1960, aliyemfasiria kwa Kiswahili alikuwa Festo Kivengere, mwalimu na mlokole kutoka Kigezi, Uganda, hivyo umati uliyasikia maneno ya mgeni kupitia kinywa cha mtu aliyezoea kuyajibu mahubiri kabla ya kuyafikisha kwa wengine.