Waraka Mmoja, Waandishi Wengi: Historia Fupi ya Uhariri Usio na Kitovu

Kwa desturi, waraka wa ofisi huwa na jalada moja, na anayetaka kuusahihisha hungoja zamu yake. Kompyuta zilipoanza kuunganishwa, swali lilizuka: watu wengi wakiuhariri waraka mmoja kwa wakati mmoja, nani awe mwamuzi wao? Yafaa tufuatilie majibu yaliyotolewa, kwa kuwa yanatudai istilahi.

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha hadharani jinsi watu wawili walio mbalimbali wanavyoweza kuushughulikia waraka mmoja. Mwaka 1978 Leslie Lamport alibainisha kwamba mashine zilizotengana zaweza kuyapanga matukio bila ya kutegemea saa moja ya pamoja.

Mwaka 1989 Clarence Ellis na Simon Gibbs walieleza njia ya kugeuza maagizo. Tuchukue neno "soma". Mhariri wa kwanza aongeza "ana" mwanzoni. Wa pili, papo hapo, aagiza "esh" iingizwe baada ya herufi ya tatu. Agizo la pili likitekelezwa kama lilivyo juu ya "anasoma", litazaa "anaeshsoma". Hapana budi hesabu igeuzwe, tatu iwe sita, ndipo ipatikane "anasomesha".

Njia hiyo ilikusudiwa isihitaji mwamuzi. Hata hivyo, baadaye ilionekana kwamba katika hali fulani nakala hazikulingana. Mwaka 1995 watafiti wa Xerox PARC, katika mfumo waliouita Jupiter, walirahisisha mambo kwa kuweka seva moja katikati ipange maagizo yote. Google Docs nayo ilifuata mkondo huo. Kazi ikawa nyepesi, lakini mamlaka yakahamia kwa mwenye seva. Seva ikizimika, ushirikiano hukatika. Na mwenye seva akiamua kuifunga huduma, waraka huweza kutoweka pamoja nayo.

Kwa sababu hiyo wengine waliendelea kutafuta njia isiyo na kitovu. Mwaka 2005 Linus Torvalds alitunga Git, ambamo kila nakala hubeba historia yote ya kazi. Mabadiliko mawili yakigongana mahali pamoja, mtu ndiye huamua. Mwaka 2006 Gérald Oster na wenzake, nchini Ufaransa, walitoa njia iitwayo WOOT. Humo kila herufi hupewa kitambulisho chake cha kudumu badala ya kuhesabiwa nafasi yake. Agizo la mhariri wetu wa pili huwa "kati ya m hii na a hii", nalo halipotoshwi na lolote lililoongezwa mwanzoni. Herufi iliyofutwa hufichwa tu, ili maagizo yanayoitaja yasipotee njia. Mwaka 2011 Marc Shapiro, Nuno Preguiça, Carlos Baquero na Marek Zawirski waliuweka msingi wa jumla wa nadharia hiyo: nakala zilizopokea mabadiliko yale yale, hata kwa mpangilio tofauti, lazima zifanane.

Je, tendo hilo tuliiteje kwa Kiswahili? Wako wanaosema "kupatanisha". Lakini tutazame sentensi "Mtoto anasoma". Mhariri mmoja aandika "Watoto" mahali pa "Mtoto". Mwenziwe, katika nakala nyingine, aandika "anaandika" mahali pa "anasoma". Mashine zote zitakubaliana bila ugomvi juu ya "Watoto anaandika". Nakala zimefanana, lakini upatanisho wa kisarufi umevunjika, wala hakuna mashine iliyokosea hesabu.

Kwa hiyo napendekeza tendo la mashine liitwe "kuoanisha nakala", na "kupatanisha" libaki kuwa kazi ya mtu anayesoma maana. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mtafsiri wa sheria au karani wa kumbukumbu za mkutano akiambiwa kwamba nakala "zimepatanishwa", huenda akatia sahihi bila kusoma. Akiambiwa "zimeoanishwa", atajua kwamba kazi yake ingali mbele yake. Kuondoa kitovu kunamwondoa mwamuzi katika mtandao, hakumwondoi msomaji.