Kujifunza kuchora katuni: kuiga, kutazama na kurudia

Kijana wa kijijini anayechora katuni husikia neno moja mara nyingi: unamaliza madaftari bure. Neno hilo linauma, na wengi huacha wakiwa bado shule ya msingi, kabla mkono haujakomaa. Makala hii ni kwa ambaye hajaacha, na kwa mzazi wake.

Tusianze na kipaji. Godfrey Mwampembwa, anayesaini Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na alianza kupeleka katuni magazetini akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 1992 aliacha masomo ya usanifu wa majengo akaenda Nairobi kuchorea gazeti la Nation. Hapa mkoani kwetu alizaliwa George Lilanga, mtoto wa Masasi aliyefariki mwaka 2005. Yeye alitoka kwenye uchongaji wa Kimakonde akaingia kwenye rangi, na mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotokeza yakaonyeshwa Ulaya na Marekani. Hakuwa mchora katuni wa gazeti, lakini mchora katuni ana mengi ya kujifunza kwake.

Kuiga si aibu. Chukua katuni moja ya gazetini, hata la zamani lililofungiwa maandazi, uichore ukiwa unaitazama. Kisha ifunike, uichore tena kwa kumbukumbu. Funua, linganisha. Pale ulipokosea ndipo jicho lako halikutazama. Kuweka karatasi juu ya picha na kufuatisha mistari ni rahisi zaidi, ila kunafundisha mkono tu, jicho linabaki limelala. Na katuni uliyoiga ibaki mazoezi: usiisaini jina lako wala kuiuza, maana kazi ya mwenzako inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Anayeiga tu, hata hivyo, huishia kuchora watu wa mwenzake. Watu wako wako nje. Nenda ufukweni Msimbati au Msanga Mkuu maji yanapokupwa, umtazame anayevuta wavu: mwili umelala nyuma, visigino vimezama mchangani, shingo imekaza. Mama mwenye ndoo ya samaki kichwani hatikisi shingo, kinachosogea ni nyonga. Kwenye mnada wa korosho, mtazame mkulima kabla bei haijasomwa, halafu baada ya kusomwa. Mabega peke yake yatakueleza kama bei ni nzuri.

Usianze na macho wala vifungo vya shati. Anza na mstari mmoja wa uti wa mgongo: umepinda wapi, uzito uko mguu gani? Mstari huo ukikaa sawa, hata mtu wa vijiti ataonekana anavuta wavu kweli. Kama daftari hakuna, chora kwa kijiti kwenye mchanga uliolowa. Maji yakijaa yatafuta, kesho una ukurasa mpya.

Baada ya hapo ndipo utie chumvi. Mtu mzima ana urefu wa takribani vichwa saba na nusu vyake mwenyewe. Kwenye katuni unaweza kumpa vitatu au vinne, naye akachekesha bila kusema neno. Lakini vuta jambo moja tu, liwe tumbo, au kofia, au mwendo. Ukivuta kila kitu, msomaji hajui acheke nini.

Hapo kuna hatari ambayo mchoraji wa mjini haijui sana. Kijiji ni kidogo. Ukimchora jirani na pua yake, jioni utaitwa, na pengine baba yako ataitwa pamoja nawe. Chora tabia: chukua kofia ya huyu, mwendo wa yule, tumbo la mwingine, utengeneze mtu ambaye hayupo. Ulemavu wa mtu usiufanye kichekesho.

Nusu saa kila siku inashinda siku nzima ya Jumapili. Andika tarehe kwenye kila mchoro, na ule wa mchangani upige picha kwa simu kabla maji hayajaja. Baada ya mwezi fungua wa kwanza na wa mwisho uviweke pamoja, umwonyeshe na mzazi aliyelalamikia daftari.

Mikono ndiyo itakayokusumbua kuliko vyote, na wachoraji wengi huificha mifukoni. Modeli unayo bure: chora mkono wako usioshika kalamu, leo umeshika kikombe, kesho kamba, keshokutwa umekunja ngumi.