Mnyororo wa Injini na Umri wa Motokaa Ndogo

Tarihi ya safari katika Afrika ya Mashariki imeandikwa kwa marefu kuhusu misafara ya wapagazi, kuhusu reli na kuhusu meli za Ziwa Victoria. Motokaa ndogo haikupata sehemu kubwa katika maandishi hayo, ingawa ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali na mfanyabiashara sokoni. Kutoandikwa kwake si kwa sababu haina habari. Habari yake imefichwa ndani ya chuma, mahali ambapo mwenye gari haoni na fundi hufika kwa shida. Sehemu moja ya habari hiyo ni mnyororo mdogo uzungukao mbele ya injini, ambao mafundi huuita taimingi cheni. Kwa kuufuata mnyororo huo yaweza kufahamika kwa nini gari lililosifiwa kwa uimara mahali pamoja huaibika mahali pengine.

Mahali pafaapo kupimia jambo hili ni Nyanungu, katika nchi ya Wakurya mkoani Mara. Upande mmoja ni mpaka wa Kenya, upande mwingine nchi yaelekea Mto Mara na Hifadhi ya Serengeti. Ardhi ni ya vilima. Wakati wa mvua udongo hushika magurudumu, na wakati wa kiangazi hugeuka vumbi. Katika nchi ya namna hiyo gari haliendi mwendo wa barabara kuu. Hupanda kwa gia nzito, husimama, huondoka tena, na safari zake nyingi ni fupi. Mtu anunuaye gari huko aghalabu ametumia mali iliyokusanywa kwa miaka mingi, na kwa Mkurya mali ya kwanza ni ng'ombe. Kwa hiyo injini ikifa, haifi peke yake.

Kazi ya mnyororo si ngumu kueleza. Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alikamilisha injini ya mapigo manne: kuvuta hewa na mafuta, kuvibana, kuviwasha, na kutoa moshi. Katika mapigo hayo manne mhimili mkubwa wa chini, yaani krankshafti, huzunguka mara mbili, na mhimili unaofungua vali, yaani kamshafti, huzunguka mara moja. Hapana budi mihimili hiyo miwili ifungamanishwe ili mmoja usimtangulie mwenziwe hata kwa nukta. Vali ikifunguka kabla ya wakati wake, nguvu hupotea. Ikichelewa sana kufunga, pistoni yaweza kuigonga, na katika injini nyingi za kisasa pigo hilo moja latosha kupinda vali na kuiharibu injini nzima. Hivyo usalama wa mtambo wote hutegemea uaminifu wa kifungo kimoja.

Mnyororo uliofaa kwa kazi hiyo ulitokana na viwanda vya nguo, kabla haujafikiriwa kwa motokaa. Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyehamia Manchester katika Uingereza, alipata hati ya haki mwaka 1880 kwa mnyororo wenye pini, vikombe na magurudumu madogo, ambao uliweza kwenda kasi bila kulika upesi. Miaka sita baadaye Karl Benz alipata hati yake ya gari la injini. Watengenezaji waliofuata walikuwa na njia mbili mbele yao: kufungamanisha mihimili kwa magurudumu ya meno, au kwa mnyororo. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilichagua meno. Morris Minor ya tangu mwaka 1952, Mini ya mwaka 1959 na Peugeot 404 ya mwaka 1960 zilitumia mnyororo. Katika magari hayo yote kamshafti ilikuwa chini, karibu na krankshafti. Kwa hiyo mnyororo ulikuwa mfupi, na mfupi huwa na mahali pachache pa kulegea.

Afrika ya Mashariki ilipata kuyajaribu magari hayo mbele ya macho ya watu katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika. Wenye viwanda wa Ulaya walijifunza huko mambo ambayo barabara zao hazikuweza kuwafunza. Mwaka 1962 mshindi alikuwa Tommy Fjastad kwa Volkswagen. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki. Mwaka 1968 yakamaliza tena saba tu, na aliyeshinda alikuwa Nowicki yule yule kwa Peugeot 404. Kati ya miaka hiyo, mwaka 1966 na 1967, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, naye pia kwa Peugeot 404.

Ushahidi huu wastahili kupimwa kwa makini, kwa maana ndio uliozaa sifa ambazo watu wangali wakizirudia. Volkswagen isiyo na mnyororo ilishinda; Peugeot yenye mnyororo ilishinda mara nne. Basi haiwezekani kusema kwamba meno yalikuwa bora kuliko mnyororo, wala mnyororo kuliko meno. Kilichokuwa sawa kwa washindi hao ni kwamba injini zao ziliandaliwa na watu wazijuao, zikapewa oili safi kabla ya safari, na sauti yake ikasikilizwa njiani. Umaarufu wa gari ulitangazwa kwa jina la kiwanda. Kazi ya fundi haikutangazwa. Hapo ndipo kosa la kwanza la tarihi hii lilipoingia: uimara ulihesabiwa kuwa tabia ya chuma, hali ulikuwa pia tabia ya matunzo.

Wakati huo huo umbo la injini lilikuwa likibadilika. Ili injini ndogo itoe nguvu zaidi, wahandisi waliipandisha kamshafti juu ya kichwa cha injini. Datsun 1600 SSS, iliyoshinda Safari mwaka 1970 chini ya Edgar Herrmann, ilikuwa na mpango huo, na mnyororo wake ulikuwa mrefu kuliko wa Peugeot. Wengine waliuacha mnyororo kabisa. Kiwanda cha Hans Glas katika Ujerumani kilikuwa cha kwanza kutoa kwa wingi, mwaka 1962, motokaa yenye mkanda wa mpira wenye meno mahali pa mnyororo. Mkanda ulikuwa mwepesi, wa kimya, usiohitaji oili, na wa bei ndogo. Katika miaka ya sabini na themanini ulienea katika motokaa ndogo za Ulaya na Japani.

Wakati mkanda ukienea duniani, Tanzania ilikuwa katika shida nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Kwa watu wa Tarime, ambao Sirari iko mlangoni pao na ndugu zao wako ng'ambo, kufungwa huko kulikata njia iliyokuwa fupi kuliko zote za kupata bidhaa za dukani. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikazidisha uhaba wa fedha za kigeni, na spea zikawa adimu. Magari yaliyokuwako ilikuwa lazima yaendelee kwenda. Fundi wa zama hizo hakuwa na uwezo wa kutupa kitu. Injini ilifunguliwa, ikapimwa, ikarudishiwa. Mnyororo uliolegea ulibadilishwa kwa mwingine uliotolewa katika gari lililokufa. Ufundi huo ulizaliwa kwa dhiki, lakini ulikuwa elimu ya kweli. Na injini za kizazi hicho, zenye kamshafti ya chini na mnyororo mfupi, zilimsamehe fundi makosa mengi.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mwaka 1986 masharti yakalegezwa zaidi. Tangu hapo, na hasa katika miaka ya tisini na kuendelea, motokaa zilizokwisha kutumika Japani zilianza kuteremshwa bandarini Dar es Salaam kwa wingi. Nyingi za mwanzo, kama Corolla na Carina za wakati huo, zilikuwa na mkanda. Mkanda ulikuwa na ubaya wake, lakini ulikuwa na wema mmoja: ulikuwa na miadi. Desturi iliyoenea ilikuwa kuubadilisha kila baada ya kilomita 100,000, na mwenye gari aliyesahau hakuwa na wa kumlaumu.

Kisha mnyororo ukarudi. Vitz ya mwaka 1999, na IST na Probox za mwaka 2002, zilikuja na injini ambazo kamshafti zake ziko juu na huzungushwa kwa mnyororo. Watu walifurahi, wakasema kwamba shida ya mkanda imekwisha na kwamba gari la cheni halina cha kubadilisha. Lakini mnyororo uliorudi haukuwa ule ulioondoka. Ulikuwa mrefu kwa sababu ulipaswa kufika juu, na mwembamba ili usile nguvu wala kupiga kelele. Haukukaa imara kwa ufupi wake. Uliongozwa na reli za plastiki na kukazwa na kifaa kinachosukumwa na oili ya injini yenyewe. Pale ambapo mkanda ulidai tarehe, mnyororo mpya ulidai oili, na ulidai kila siku.

Jinsi unavyoharibika ni jambo la polepole. Chuma chake hakivutiki kama mpira. Pini na matundu yake hulika kidogo kidogo. Na kwa kuwa viungo ni vingi, ulaji mdogo wa kila kiungo hujumlishwa hata mnyororo wote ukarefuka. Oili iliyokaa muda mrefu hujaa masizi na vumbi, ikawa kama msasa mahali ilipopaswa kuwa kilainisho. Oili ikipungua, kifaa cha kukaza hukosa nguvu, na asubuhi injini ikiwashwa husikika mtikisiko wa chuma kwa sekunde chache, kisha kimya. Kimya hicho humdanganya mwenye gari akadhani kwamba ugonjwa umepona. Siku moja, kwenye mlima au katika kuwasha tu, mnyororo huruka meno, na yaliyosalia hufanyika kwa kufumba na kufumbua.

Hapa ndipo panapofaa kuulizwa swali ambalo sifa za magari hulificha. Yasemwa kwamba mnyororo hudumu kwa umri wa gari. Je, ni umri gani? Japani gari jipya hukaguliwa kwa sheria baada ya miaka mitatu, na baadaye kila miaka miwili, na gharama ya ukaguzi huwafanya wengi waachane na gari lingali zima. Kwa hesabu ya huko, umri wake umekwisha. Likifika Tarime, lina umri wa pili mbele yake, nao waweza kuwa mrefu kuliko wa kwanza na mgumu zaidi. Hakuna daftari lifikalo pamoja nalo kueleza oili ilibadilishwa lini, na hata hesabu ya kilomita huweza kuwa imerudishwa nyuma. Kenya imejaribu kulipunguza tatizo hili kwa kukataza magari yaliyozidi miaka minane. Tanzania imeyatoza magari makuukuu kodi zaidi badala ya kuyakataza. Njia zote mbili hupima miaka ya gari, wala si hali ya injini yake.

Lisidhaniwe kuwa jambo la nchi maskini peke yake. Katika Ulaya yenye lami na gereji za kila namna, injini ndogo za petroli za Volkswagen zilizotolewa tangu mwaka 2005 zilijulikana sana kwa minyororo iliyorefuka mapema, na injini zilizozifuata tangu mwaka 2012 zikarudishiwa mkanda. Kwa hiyo mnyororo waweza kuwa dhaifu kwa kuundwa, au ukawa imara kisha ukaharibiwa kwa kutotunzwa. Minyororo ya motokaa za Kijapani zilizoenea Tanzania kwa jumla ni ya kundi la pili, na hiyo ni habari njema, maana lililo katika uwezo wa mtu laweza kurekebishwa na mtu.

Jambo lililo gumu ni la elimu. Fundi wa miaka ya kufungwa mpaka aliifungua injini kwa kukosa njia nyingine. Fundi wa leo, akiletewa injini iliyonoki, mara nyingi huona ni rahisi kuagiza injini nyingine iliyotumika kutoka Dar es Salaam na kuipachika nzima. Mteja hupata gari lake upesi, na haifai kumlaumu fundi kwa kumhudumia. Lakini injini iliyoletwa nayo ina mnyororo ambao haukupimwa, wenye oili isiyojulikana historia yake. Ugonjwa haukuponywa, umebadilishwa kwa mwingine ambao haujaanza kuonekana. Na kijana ajifunzaye katika gereji hiyo hujifunza kufungua na kufunga, asijifunze kwa nini.

Kwa Nyanungu, basi, hesabu ni hii. Muda wa kubadilisha oili uandikwao katika vitabu vya magari umekadiriwa kwa matumizi ya kawaida, na vitabu hivyo hivyo kwa kawaida huagiza upunguzwe, hata kwa nusu, kwa gari la vumbi, la mizigo na la safari fupi. Yaani gari la Nyanungu. Bei ya oili na chujio lake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya injini, na injini hailingani na ng'ombe waliouzwa kuinunua gari. Mtikisiko wa asubuhi usidharauliwe, wala kimya kiufuatacho kisiaminiwe. Miaka ya Safari ilionyesha kwamba gari dogo laweza kuishinda njia mbaya. Haikuonyesha kwamba laweza kushinda kusahauliwa. Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983, na spea zikarudi. Ujuzi wa mafundi waliovumilia bila spea haukuletwa na lori lolote, na usipofundishwa kwa makusudi katika vyuo vya ufundi na katika gereji, utakwisha pamoja nao.