Neno Lina Mwenyewe: Waliokusanya Maneno ya Kiswahili Tangu 1844

Katika maduka ya vyakula ya Sharafiya, mtaa wa Jeddah ulio kaskazini ya mji mkongwe wa Balad, nazi hazikosekani. Mtaa huu una watu wengi kutoka Kerala, pwani ya kusini-magharibi ya India, na watu wa Kerala hawapiki bila nazi, kama sisi. Mama wa Kimombasa au wa Unguja anayeishi Jeddah atapata hapa kila anachohitaji kwa wali wake wa Ijumaa. Anachoweza kukosa ni mtu wa kumwambia kwamba nazi aliyoishika mkononi bado ni koroma.

Koroma ni nazi ambayo haijakomaa sawasawa: imeshapita dafu, lakini haijawa ya kukunwa. Kiswahili kinaifuata nazi hatua kwa hatua kama mzazi anavyomfuata mwanawe. Huanza upunga, yaani ua. Kisha kidaka, kisha kitale, halafu dafu, koroma, na mwisho nazi. Ikikauka mpaka nyama ikaachana na kifuu na kuchezacheza ndani, hiyo ni mbata. Ikiwa ndani imejaa kitu laini kama sifongo badala ya maji, hiyo ni joya. Jikoni nako maneno yanaendelea. Nazi hukunwa kwa mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu. Tui la kwanza lililo zito ni kasimile, na yanayobaki ni machicha.

Aliyekulia Lamu au Pemba huyaokota maneno haya bila kufundishwa na mtu. Ndugu yake aliyekulia Jeddah, Nairobi au Dodoma huenda akabaki na mawili tu, nazi na dafu. Mwaka 1985 malenga mmoja wa Lamu, Ahmed Sheikh Nabhany, alichapisha utenzi mzima kuhusu mnazi, Umbuji wa Mnazi. Aliutunga kwa sababu aliona maneno ya mti huo yanapotea na wazee wanaoyajua wanakufa. Nabhany alikuwa mmoja katika msururu mrefu wa watu waliotumia maisha yao kusaka maneno ya Kiswahili. Msururu huo una mashujaa waliotajwa, na una wengi zaidi ambao hawakutajwa.

Kadhi na mgeni

Waswahili walikuwa wakiiandika lugha yao kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya kuja kwa wamisionari. Utenzi wa Tambuka una nakala iliyoandikwa mwaka 1728, na tenzi za Pate na Lamu ni ghala la maneno ambalo watafiti wanalichota hadi leo. Lakini kamusi, yaani kitabu kinachopanga maneno na kuyaeleza moja moja, ililetwa na wageni waliohitaji kujifunza lugha.

Wa kwanza kati ya hao kupata sifa ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo homa iliwaua mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga. Krapf alibaki na akaendelea na kazi. Alikaa na Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin, wakafasiri pamoja Kitabu cha Mwanzo. Mmoja alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu mwenye lugha, mwingine mmisionari wa Kikristo mwenye daftari. Tofauti zao za dini hazikuzuia kazi, kwa kuwa wote wawili walijali neno liwe sawa.

Kamusi ya Krapf ilichapwa London mwaka 1882, miezi michache baada ya kifo chake. Msingi wake ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, na raha yake ni kwamba Krapf haridhiki kutoa maana na kupita. Hueleza chakula kinavyopikwa, ugonjwa unavyotibiwa na desturi inavyofuatwa. Anayeisoma leo huuona mji mzima ukifanya kazi.

Wengine walifuata. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alitoa kitabu chake cha sarufi na msamiati mwaka 1870. A. C. Madan alichapisha kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, kisha ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi Bagamoyo na Unguja katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, alirudi kwao na shehena ya maneno. Kamusi yake kubwa ilianza kutoka Paris mwaka 1939, miongo minne baada ya kuondoka Afrika Mashariki. Sacleux alikuwa mtaalamu wa mimea, hivyo miti na majani yamo kwa jina la Kiswahili na la kisayansi. Pia alionyesha neno ni la lahaja gani, kazi ambayo wengi waliomtangulia hawakuifanya kwa upana huo.

Majalada ya vitabu hivyo yana majina ya waandishi. Hayana majina ya mvuvi aliyeeleza tofauti ya nyavu, wala ya bibi aliyetaja majani ya kutibu tumbo. Waliobahatika kutajwa ni wachache. Mwalimu Sikujua wa Mombasa anakumbukwa kwa sababu alimsaidia mmisionari William Taylor kukusanya mashairi ya Muyaka bin Haji na maneno magumu yaliyomo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, na maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Hawa ndio wenye maneno. Bila wao, madaftari ya wageni yangebaki matupu.

Mkutano wa Mombasa na kilichoachwa nje

Mwaka 1928 wakuu wa elimu wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa kuamua Kiswahili gani kitumike shuleni. Kiunguja, lahaja ya Unguja, kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Mwaka 1935 ikatoka kamusi ya Johnson iliyoeleza Kiswahili kwa Kiswahili, na mwaka 1939, baada ya kifo chake, zikatoka kamusi mbili za Kiswahili na Kiingereza zilizotawala madarasa kwa zaidi ya miaka arubaini.

Uamuzi huo ulikuwa na faida isiyo na shaka: mtoto wa Kigoma na wa Kisumu wakaweza kusoma kitabu kimoja. Lakini ulikuwa na gharama. Maneno ya lahaja nyingine, kama Kiamu cha Lamu, Kimvita, Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, yakaanza kuitwa ya kienyeji, ya vijijini, hata makosa. Mwanafunzi wa Lamu aliyeandika neno la nyanya yake alipigwa alama nyekundu.

Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927, alikulia katikati ya mabadiliko hayo. Alilelewa katika nyumba ya watunzi na akajifunza tenzi za zamani kwa kuzisikia. Utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, unaeleza jinsi chombo cha Lamu kinavyoundwa na kusafirishwa. Ni kazi ya mtu aliyejua kwamba jahazi likikoma kuundwa, msamiati wake utazama nalo. Mkuku ni uti wa mgongo wa chombo, taruma ni mbavu zake, foromali ni mti unaoshika tanga, jarari ni kamba ya kulipandisha, na ngama ni sehemu ya chini ya chombo maji yanapokusanyika. Kila neno hapo ni ujuzi. Anayejua kutofautisha foromali na mlingoti anajua upepo unavyoshikwa.

Aliyekusanya maneno ya kale hakuogopa kuunda mapya. Nabhany ndiye anayetajwa kwa neno runinga, yaani televisheni, ambalo Kenya wanalitumia mpaka leo. Kanuni yake ilikuwa kutafuta kwanza ndani ya lahaja za Kiswahili kabla ya kukopa nje. Mwaka 2012 alichapisha kamusi yake, Kandi ya Kiswahili. Alifariki Mombasa mwaka 2017.

Kamusi yapata wenyewe

Tanzania ilichukua kazi hiyo kwa nguvu ya dola. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na kwa mara ya kwanza kamusi kubwa ya kueleza Kiswahili kwa Kiswahili ikawa kazi ya Waafrika Mashariki wenyewe. BAKITA ikatoa Kamusi Kuu mwaka 2015.

Kiswahili hakikutegemea pwani peke yake katika kukua huko. Ikulu ni neno la Wasukuma na Wanyamwezi, makao ya mtemi. Bunge linatoka kwa Waha. Ngeli, neno linalowatoa jasho wanafunzi wa sarufi, ni la Wahaya, na kitivo kilitoka milimani kwa Wapare na Wasambaa. Mtanzania anapozungumzia Ikulu na Bunge katika sentensi moja, anatamka maneno ya jirani zake bila kuhisi ugeni wowote. Maneno yanayoundwa upya nayo hupata wenyewe haraka: wakati wa sensa ya mwaka 2022 makarani walipopita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, yaani tableti, neno hilo lilienea nchi nzima.

Zanzibar nayo ilirudi kwa walioachwa nje mwaka 1928. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na baadaye kamusi za Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi. Lahaja zilizodharauliwa darasani zimewekwa rafuni kwa heshima.

Bandari mpya ya maneno

Jeddah imekuwa mlango wa Makka tangu mwaka 647, Khalifa Uthman alipoifanya bandari ya mahujaji, na Waswahili ni miongoni mwa waliopita humo. Msemaji wa Kiswahili anayetembea Sharafiya leo hukutana na maneno ya kwao yakiwa bado kwa jirani: sahani, sinia, sukari, bamia, birika. Mengine yalipofika kwetu yaliongezewa kazi. Mwarabu akisema kitu ni rakhisi, kwa kawaida anazungumzia bei. Mswahili akasema bei rahisi, kisha akasema mtihani rahisi, na njia rahisi. Neno lilipanuka kwa sababu watu walilipenda na kulitumia.

Na bado yanaingia. Maelfu ya Wakenya, Watanzania na Waganda wanaofanya kazi Saudia wana msamiati wao ambao jamaa zao nyumbani wameshauzoea kwa simu. Ikama ni kibali cha kuishi. Kafili ni mwajiri anayemdhamini mfanyakazi. Maktabu ni ofisi ya wakala inayowapangia kazi. Haya si mapambo ya mazungumzo. Binti asiyejua ikama yake iko kwa nani hajui haki yake ilipo. Watunga kamusi wa Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi wangefaidika kumsikiliza mfanyakazi huyu kama Krapf alivyomsikiliza Kadhi.

Kupanua msamiati ni furaha ambayo haihitaji shahada wala fedha. Wapo wanaofurahia kugundua kwamba baada ya kesho kutwa kuna mtondo, na baada ya mtondo kuna mtondogoo, hivyo safari ya siku ya nne ina jina lake tayari. Wapo wanaofurahia kujua kwamba mjukuu hufuatwa na kitukuu, na kitukuu na kilembwe, hivyo ukoo unahesabika kwenda mbele kama unavyohesabika kurudi nyuma. Furaha hiyo huongezeka neno likitumiwa mbele ya watu na mtu mwingine akaliokota.

Njia ya kuyapata ndiyo ileile ya tangu 1844: muulize anayeifanya kazi. Fundi seremala ana maneno ya mbao, mpishi ana ya chungu, mkulima wa karafuu wa Pemba ana ya shamba, dereva wa lori wa Jeddah ana ya barabara. Kamusi za zamani zilikosea jambo moja ambalo sisi tunaweza kulirekebisha kwa urahisi, kwa kuwa kila mtu sasa ana simu ya kuandikia na kurekodia. Ukipewa neno, liandike pamoja na jina la aliyekupa, mahali anapotoka na kazi anayoifanya. Kisha litumie, na ukiulizwa umelipata wapi, mtaje.