Swali la Ofisa wa Sekta: Sheria ya Urithi Ilivyopita Bungeni

[Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.]

MTANGAZAJI: Leo tunaanzia Niboye, wilaya ya Kicukiro, hapa Kigali, kwenye ofisi ya sekta, ile tunayoiita umurenge, siku ya ndoa za kiserikali. Bwana na bibi harusi wanashika bendera kwa mkono wa kushoto, wanainua wa kulia, wanaapa. Lakini kuna swali la kujibu: mali zenu zitakuwaje? Zote ziwe za pamoja, sehemu tu iwe ya pamoja, au kila mtu na zake?

Wengi hujibu harakaharaka, maana wageni wanangoja. Swali hilo halikutoka kwa mababu. Lilitoka Bungeni, katika sheria namba 22 ya tarehe 12 Novemba 1999, na halikufika kwenye meza ya sekta kirahisi.

Turudi nyuma kidogo. Kwa desturi ya Rwanda, ardhi ilipita kwa wanaume. Baba angeweza kumpa binti yake kipande, kilichoitwa urwibutso, ila hiyo ilikuwa zawadi, si haki. Mume akifariki, mjane alikaa shambani kwa sababu ya watoto wake wa kiume, au kwa hisani ya shemeji zake.

Kisha ukaja mwaka 1994. Hapa Kicukiro, tarehe 11 Aprili, askari wa Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ETO na kuwaacha watu wapatao 2,000 waliokimbilia humo. Wengi wao walipelekwa Nyanza na kuuawa siku hiyohiyo. Nchi ilipoanza kuhesabu waliobaki, karibu kaya moja katika kila tatu iliongozwa na mwanamke. Waume hawapo, kaka hawapo, lakini ardhi bado ilikuwa ikitafuta mwanamume. Wakati mwingine alikuwa binamu wa mbali ambaye mjane hajawahi kumwona.

[Muziki mfupi.]

Sasa panda moto hadi Kimihurura, si mbali. Jengo la Bunge lina alama za risasi na mabomu hadi leo. Humo, tarehe 25 Novemba 1994, ndipo Bunge la Mpito lilipoanza kazi, na wabunge 70. Tuseme ukweli: hawakuchaguliwa kwa kura. Wengi walitoka kwenye vyama, kwa msingi wa Mkataba wa Arusha wa 1993. Mtu ana haki ya kuuliza bunge la namna hiyo linamwakilisha nani. Lakini katika suala la urithi, wabunge wanawake walifanya jambo la kuangaliwa. Mwaka 1996 waliunda jukwaa lao bila kujali chama, Mtutsi na Mhutu pamoja, miaka miwili tu baada ya mauaji. Wizara iliyosimamia masuala ya wanawake, chini ya Aloisea Inyumba, nayo ilikuwa ikisukuma upande wa Serikali.

Upinzani ulikuwepo, na hoja yake unaijua, pengine umeisikia nyumbani: binti akirithi kwa baba na tena kwa mume, atapata mara mbili, na ardhi ya ukoo itakwenda kwa wakwe. Hesabu hiyo ina kasoro. Binti yako akitoka na kipande, mke wa mwanao anaingia na chake. Ila kwa mwenye watoto sita na shamba dogo mlimani, hofu haikuwa ya bure, na sheria haiongezi ardhi.

Mwishoni ilipita. Watoto wote wanaotambuliwa na sheria, wa kike kwa wa kiume, wakarithi sawa. Wanandoa wakapewa njia tatu za kumiliki mali, zile zile unazosomewa Niboye.

Tatizo likabaki kwa wanaoishi pamoja bila ndoa ya serikali. Harusi ya kanisani au msikitini peke yake haikutosha, na wanawake wengi hawakuwa hata na hiyo. Hapo ndipo msikilizaji anaweza kuona vizuri Bunge linavyofanya kazi, kwa sababu marekebisho hayakungoja Serikali.

Katiba ya 2003 ilileta mabaraza mawili: Baraza la Wabunge lenye viti 80, 24 kati yake vikitengwa kwa wanawake, na Seneti yenye watu 26. Muswada waweza kuletwa na Serikali au na wabunge wenyewe. Mwaka 2006 wabunge wanane walileta muswada dhidi ya ukatili wa kijinsia: wanawake wanne, na wanaume wanne. Hesabu hiyo ilikuwa ya makusudi, kwani kura za wanawake peke yake zisingetosha, na hawakutaka wanaume waone ni vita dhidi yao.

Muswada ukifika, Bunge zima kwanza huamua kama una msingi. Ukikubaliwa, unakwenda kwenye kamati, na humo ndimo jasho linapotoka: wataalamu wanaitwa, wananchi wanasikilizwa, kila kifungu kinageuzwageuzwa. Kisha unarudi kupigiwa kura kifungu kwa kifungu. Miswada ya aina fulani, kwa mfano ya jinai, hupita pia Seneti. Rais ana siku 15 za kutia saini, au anaweza kuomba usomwe upya. Bila kuchapishwa katika Gazeti Rasmi, bado si sheria.

Ule wa wabunge wanane ulichukua takriban miaka miwili, ukawa sheria namba 59 ya tarehe 10 Septemba 2008. Ibara yake ya 39 ilisema mtu aliyeishi na zaidi ya mwenzi mmoja bila ndoa ya kisheria, akitaka kufunga ndoa, lazima kwanza agawane sawa na hao wengine mali waliyochuma pamoja. Siku chache baadaye ulifanyika uchaguzi, na Rwanda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume katika baraza la wabunge: 45 kati ya 80.

Sheria ya 1999 yenyewe ilibadilishwa na nyingine mwaka 2016. Njia tatu za mali zilibaki. Basi ukiwa na miadi pale sekta ya Niboye, kaeni kwanza nyumbani, wewe na mwenzako, mjue mtajibu nini. Jibu huandikwa siku ileile.

[Muziki wa kufunga.]